Jembe Lililochakaa: Litengenezwe au Linunuliwe Jipya?

Mvua za Septemba zikaribiapo, kila mwenye shamba, awe wa milimani au wa bonde la Imbo, hutazama mawingu. Ni wachache watazamao jembe. Matokeo yake huonekana siku ya kwanza ya kulima: mpini umevunjika, na siku nzima ya unyevu mwema imepotea.

Kwa familia ya askari jambo hili ni zito. Baba yumo kambini au lindoni; mama na watoto ndio walio shambani, na mshahara ni ule ule. Basi yafaa jembe likaguliwe kama silaha ikaguliwavyo: kabla ya kazi, si katikati yake. Mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa bado kavu, ndio wakati wake.

MPINI. Mpini uliovunjika si sababu ya kununua jembe jipya. Mkaratusi mkavu, ulionyooka, usio na fundo, watosha. Mti mbichi hunywea ukaukapo, na jembe hulegea. Wengi huliloweka majini ili mpini uvimbe. Dawa hiyo ni ya siku moja tu. Pigilia kabari. Jembe lililolegea lisitumiwe hata saa moja, kwani likichomoka hewani laweza kumjeruhi aliye karibu.

UBAPA. Makali butu hunolewa kwa tupa. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa mchanga, kisha chuma kikapakwa mafuta. Lakini ufa ulio karibu na tundu la mpini ni hukumu, kwani hapo ndipo nguvu ya kila pigo hukutana. Kuchomelea kwa umeme hufaa toroli au shingo ya beleshi. Kwenye makali, moto huo huondoa ugumu wa chuma, nayo makali hayadumu.

HESABU. Usilinganishe bei peke yake, bali gawanya bei kwa misimu. Tuseme fundi adai theluthi ya bei ya jembe jipya, na jembe hilo la zamani litadumu msimu mmoja. Ikiwa jipya litadumu misimu sita, kila msimu wake hugharimu sudusi tu ya bei. Hapo kutengeneza ni ghali mara mbili. Lakini likitengenezwa likadumu misimu mitatu, basi mwendee fundi wa vyuma, kama wale wa Buyenzi, bila kusita.

Jembe lililokwisha ubapa lisitupwe, maadamu halina ufa. Wepesi wake hufaa kwa palizi ya maharage, na huwapunguzia vijana uchovu. Katika Burundi ya kale jembe lilihesabiwa miongoni mwa mali za mahari. Wazee hao walijua thamani ya chuma. Nasi tukifute udongo kila jioni, tukiweke pakavu.