Uteuzi wa Kihariri Matini kwa Mnukuzi wa Masimulizi: Mfano wa Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtafiti wa Kiswahili anavyoweza kuteua na kujifunza programu ya kuhariri matini katika terminali ya Linux, yaani ule uwanja wa skrini ambamo mtumiaji huandika amri badala ya kubofya picha. Mfano wetu ni Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, ambako Kiswahili kilienezwa na misafara ya karne ya 19 na kuota mizizi kwa jina la Kingwana, sambamba na lugha kama Kizimba na Kibangubangu.

Suala hili si la ufundi tu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyepata kuwa na makao Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa hati ya Kiarabu. Wasomaji wengi wamezijua kupitia hati ya Kirumi iliyotolewa na Heinrich Brode huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Anayenukuu ndiye anayeamua msomaji wa kesho ataona nini.

2. Kwa nini terminali?

Kihariri cha terminali hutoa matini ghafi: herufi tupu zisizofungamana na programu moja. Faili la namna hiyo, likihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, hufunguka katika kompyuta yoyote, hata ile kuukuu yenye kumbukumbu ndogo. Isitoshe, mtafiti aweza kuhariri faili lililo katika kompyuta ya mbali kupitia mtandao dhaifu. Hili si jambo la bahati: vi, iliyoandikwa na Bill Joy huko Berkeley mwaka 1976, ilibuniwa wakati njia za mawasiliano zilikuwa za polepole mno, ndiyo maana amri zake ni za herufi moja moja.

3. Vihariri vitatu

Nano, iliyoanza mwaka 1999, ndiyo nyepesi kwa mwanafunzi. Amri zake huonyeshwa chini ya skrini. Ctrl na O huhifadhi, Ctrl na X hutoka. Hata hivyo, haihifadhi akiba mfululizo wakati mtu anaandika.

GNU Emacs ya Richard Stallman (1985) ina uwezo mpana na huhifadhi akiba yenyewe, lakini huhitaji muda mrefu wa mazoea.

Vim ilitolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, kwa kufuata mfano wa vi. Ina uhusiano na Afrika Mashariki: Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023, alifanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, miaka ya 1994 na 1995, na tangu hapo akawaomba watumiaji wa Vim wakichangie kituo hicho. Kwa mnukuzi, ubora wake mkubwa ni faili la akiba, ambalo kwa kawaida huandikwa kila baada ya herufi 200, au mkono ukitulia kwa sekunde 4. Umeme ukikatika, amri “vim -r” ikifuatiwa na jina la faili huyarejesha maandishi karibu yote.

4. Namna ya kujifunza

Kinachowatatiza wengi katika Vim ni kuwa ina hali mbili kuu. Katika hali ya amri, herufi ni maagizo. Katika hali ya kuandika, herufi ni matini. Bonyeza “i” ili uandike, na Esc ili urudi kwenye amri. “u” hutangua kosa, “:w” huhifadhi, “:q” hutoka. Somo la “vimtutor” huchukua takriban nusu saa. Likirudiwa kwa siku chache, vidole huzoea. Kwa alama za toni za Kibangubangu, katika hali ya kuandika bonyeza Ctrl na K, kisha “a” na alama ya mkato wa juu, upate “á”.

5. Tahadhari

Amri “:%s/batoto/watoto/g” hubadili neno katika faili zima kwa nukta moja. Kwa mhariri wa gazeti huo ni msaada. Kwa mtafiti wa lahaja ni kufuta ushahidi, kwani “batoto” ndiyo sauti ya msimulizi. Afadhali kutumia “:%s/batoto//gn”, ambayo huhesabu umbo hilo bila kugusa chochote, kisha kulinganisha na idadi ya “watoto”.

6. Hitimisho

Tunapendekeza basi kwamba anayeanza atumie nano kwa maandishi mafupi, na anayekusudia kunukuu masimulizi marefu ajifunze Vim mapema, kabla ya kwenda uwandani. Vyovyote atakavyoteua, nukuu ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyosikika, na usanifishaji, ukihitajika, ufanywe katika nakala ya pili.