Msumeno wa meza unaosimama ukigusa kidole
Mwaka 1999, Stephen Gass, mwanasheria wa Marekani aliyesomea fizikia na kupenda useremala, alijiuliza kama msumeno wa meza unaweza kutambua kidole kabla haujakikata. Jibu lake likawa SawStop. Diski ya msumeno hubeba umeme mdogo. Mwili wa mtu ukiigusa, umeme huo hubadilika, na kipande cha alumini husukumwa kwa nguvu ndani ya meno. Kwa muda wa milisekunde 5 hivi, diski imesimama na kuzama chini ya meza. Baada ya majaribio ya soseji, Gass aliweka kidole chake mwenyewe. Kiliumia na kutoka damu, lakini hakikukatika.

Lakini chombo hicho kinagharimu. Freni ikishafanya kazi mara moja haitumiki tena, na mara nyingi diski nayo imeharibika. Mbao mbichi yenye maji pia inaweza kuiamsha bure, na mafundi wa Goma na Bukavu wanajua ni mara ngapi mbao huingia karakanani kabla haijakauka.

Tena freni haizuii mbao kurushwa nyuma na kumpiga fundi. Hiyo ni kazi ya kisu chembamba kinachosimama nyuma ya diski, ili mbao isijifunge na kuibana. Ndicho kinachofunguliwa kwanza, pamoja na kifuniko, eti vinachelewesha kazi. Kijiti cha kusukumia mbao, chenyewe, hakinunuliwi: kinakatwa katika mabaki ya karakana, na mkono unabaki mbali na meno.