ELIMU YA HALI YA HEWA KWA WANAFUNZI WA BONDE LA RUFIJI

Wazazi, walimu na wananchi kwa jumla wanaelezwa katika ukurasa huu namna somo la hali ya hewa linavyofaa kufundishwa kwa vijana wa madarasa ya juu ya msingi na wale wanaoanza sekondari. Mfano uliochukuliwa ni wa Umwe, upande wa Ikwiriri, katika Wilaya ya Rufiji. Msomaji wa visiwani asione ajabu. Kwa karne nyingi majahazi yalileta Unguja boriti za mikoko kutoka delta ya mto huo, na kaskazi na kusi zinazovuma kwetu ndizo zinazovuma huko.

Mwanafunzi aghalabu hufundishwa kwamba mafuriko hutokana na mvua kubwa. Jibu hilo humpatia alama katika mtihani, lakini halimtoshi mtu aishiye kando ya Rufiji. Mto huo hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, kwa kupitia Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka katika nyanda za juu za kusini. Mvua ikinyesha huko, maji huchukua siku kadhaa kufika bondeni. Basi yawezekana Umwe jua likawaka, nguo zikaanikwa, na mto ukawa unapanda. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Mwalimu Nyerere lilipoanza kujazwa, jambo jingine limeongezeka: kiasi cha maji yanayofunguliwa bwawani. Kijana wa bondeni hana budi kuuliza habari zote tatu, yaani mvua ya kwao, mvua ya juu, na maji ya bwawa.

Somo lenyewe lianze kwa kupima. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 100 juu ya hekta moja ya mpunga ni lita milioni moja. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake, kisha akaitazama ramani ya bonde zima, hahitaji hotuba ndefu juu ya nguvu ya mto.

Kipimamvua husomwa kila siku saa 3:00 asubuhi. Huwekwa mahali pa wazi, mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho. Shule isiyo na chombo maalumu yaweza kutumia kopo lenye kuta zilizonyooka pamoja na rula. Chupa iliyobana katikati haifai. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, wala isiachwe tupu, kwani nafasi tupu haielezi kama mvua haikunyesha au mpimaji hakufika. Usomaji wa kina cha mto uachiwe watu wazima. Rufiji ina mamba, na hakuna daftari linalostahili kumpeleka mtoto ukingoni.

Baada ya vipimo ndipo zije sababu. Hewa ina uzito: juu ya kila mita ya mraba ya usawa wa bahari zimekaa takriban tani kumi za hewa. Hewa yenye joto na mvuke ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na mawingu hujengeka. Bahari ikiwa na joto kupita kawaida, mvuke huwa mwingi zaidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika msimu wa 2023 na 2024, pale El Niño ilipoambatana na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Rufiji na Kibiti zilifurika, na hadi Aprili 2024 Serikali ya Muungano ilitaja vifo 155 nchini kutokana na mvua za msimu huo.

Vimbunga navyo vifundishwe, ingawa ni nadra kwetu. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na huhitaji kusokotwa na mzunguko wa dunia, ambao karibu na Ikweta ni dhaifu mno. Nadra si kinga. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu na vyombo vya Unguja, na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei, 2024.

Elimu ya wazee isidharauliwe darasani. Wao ndio waliojenga madungu, nyumba za juu ya nguzo, na kulima mlau katika udongo ulioachwa na maji. Mwalimu angefanya vyema kumwalika mzee mmoja aeleze mafuriko aliyoyaona na alama aliyoiacha kila moja.

Mwisho, wanafunzi wafundishwe lugha ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana wao ndio watakaowasomea wazazi nyumbani. Ngazi zake ni angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, kwa kadiri hatari inavyozidi. Utabiri wa msimu ukitaja mvua za juu ya wastani, maana yake ni kwamba uwezekano wa jumla ya mvua ya msimu kupita kawaida ni mkubwa. Hausemi kuwa itanyesha kila siku, wala hautaji siku ya mafuriko. Siku hiyo hutafutwa katika taarifa za kila siku, ambazo husomwa redioni.