Treni ya Viunga, Metro na Kivusha-abiria

Mwalimu mmoja wa Mishamo, mkoani Katavi, alitueleza tatizo lililomkuta darasani. Katika makala aliyowasomea wanafunzi wake mlikuwamo maneno "treni ya vitongoji", na mwanafunzi mmoja akauliza ni lini treni hiyo itafika kitongojini kwao. Darasa halikucheka, wala hapakuwa na la kuchekesha. Kwa mwananchi wa Mishamo, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa wakimbizi wa Burundi ambao wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014, kitongoji ni sehemu ya kijiji yenye mwenyekiti wake. Treni anayoifahamu ni ile itokayo Kaliua kuja Mpanda, inayofanya safari za siku chache tu katika juma. Mtafsiri alikuwa na nia ya kutaja pembezoni mwa jiji. Msomaji akapata habari za kijijini kwake.

Wengine wamependekeza "treni ya pembezoni". Pendekezo hili nalo halifai, kwa kuwa katika lugha ya ofisi zetu mikoa ya pembezoni ni kama Katavi yenyewe, Kigoma na Rukwa. Sisi twaona neno kongwe "kiunga" lingetosha. Viunga vya mji ni sehemu zake za nje, na neno hilo halijakabidhiwa kazi nyingine serikalini. Basi na tuseme "treni ya viunga": treni iwachukuayo watu asubuhi kutoka nje ya jiji kwenda kazini na kuwarudisha jioni, aghalabu kwa kutumia reli ile ile ya treni za masafa marefu na za mizigo. Mfano wake ni huduma iliyoanza Dar es Salaam Oktoba 1912 ya karne iliyopita? La, ni juzi tu, mwaka 2012, kwa njia mbili: moja katika Reli ya Kati, baina ya Stesheni na Ubungo, na nyingine katika reli ya TAZARA. Njia hizo haziwezi kubadilishana mabehewa, kwani upana wa reli ya kwanza ni milimita 1,000 na wa pili ni milimita 1,067. Watu waliipa huduma hiyo jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, wakaiita "treni ya Mwakyembe". Jina hilo lina utamu wake, lakini halimwambii mgeni lolote kuhusu treni yenyewe.

Metro ni kitu kingine. Sifa yake kubwa ni kuwa na njia yake peke yake, isiyokatizwa na barabara wala kuchangiwa na treni ya mizigo, hata treni ziweze kufuatana kwa dakika chache na abiria asihitaji kukariri ratiba. Wapo watafsiri waiitao "reli ya juu" kwa sababu wameiona Dubai ikipita juu ya nguzo. Lakini metro ya Dubai, iliyofunguliwa Septemba 9, 2009, huzama chini ya ardhi ifikapo sehemu za mji wa zamani. Je, hapo tuiite reli ya chini? Kadhalika, reli ya kisasa iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 hutoka jijini juu ya daraja refu la nguzo, nayo si metro hata kidogo: ni reli ya masafa marefu. Kwa hiyo "ya juu" ni maelezo ya mahali njia ilipopita, na haitoshi kuwa jina la aina ya usafiri. Neno "metro", lililotoka Paris na kuenea duniani, tunashauri likubaliwe lilivyo. Anayetaja ile ya nguzoni aseme "metro ya juu".

Lililobaki ni lile gari dogo la viwanja vikubwa vya ndege, lipelekalo abiria kutoka jengo hadi jengo. La kwanza la kiwanjani lilianza Tampa, Marekani, mwaka 1971. "Treni isiyo na dereva" haifai, maana metro ya Dubai nayo haina dereva. Na mengine hutembea kwa matairi ya mpira, kwa hiyo hata "treni" ni neno la kutiliwa shaka. Kwa hakika chombo hiki kina udugu zaidi na lifti: hujiendesha, huenda masafa mafupi, hurudi kilikotoka. Tukikumbuka kivuko cha Kigamboni, kinachokwenda ng'ambo na kurudi mchana kutwa, twapendekeza "kivusha-abiria".

Neno "mwendokasi" tungependa liachwe nje ya orodha hii. Tangu Mei 2016 wakazi wa Dar es Salaam wamelipa mabasi yaendayo haraka, wengine sasa huipa reli ya kisasa, na mwalimu wa fizikia analihitaji kwa kazi yake.

Kwa upande wa sarufi, metro iwe katika ngeli ya I-/ZI-: metro imefika, metro zimefika. Kivusha-abiria kifuate KI-/VI-, na wingi wake uwe vivusha-abiria.