Panki ya Mrima

Kwetu Bagamoyo neno panki lilifikia kwa kinyozi. Liliandikwa kwa rangi ya mafuta kwenye ubao wa mlangoni, chini ya kichwa kilichochorwa nywele zimesimama juu na pembeni zimekwanguliwa. Ukinyoa panki, mwalimu wa zamu alikungoja asubuhi na mkasi, akakuchimba katikati ya kichwa ili jioni urudi mwenyewe kunyoa kipara. Miaka mingi baadaye, nikiwa London, ndipo nilipojua kwamba panki ilikuwa muziki kabla ya kuwa mtindo wa nywele, na kwamba wenyewe wanabishana hadi leo kama imekufa au ingali hai.

Swali hilo linanigusa, na jibu langu linaanzia nyumbani.

Kwanza ilikotoka. Panki ilizuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Wengi wa walioianzisha hawakuwa wapigaji hodari. Walijua kord tatu za gitaa, wakaona zinatosha. Majarida yao waliyatoa kwa mashine ya fotokopi, sahani wakazirekodi kwa pesa za kuchanga, wakapiga katika baa yoyote iliyowafungulia mlango. Na hata sisi watu wa upande huu wa dunia tulikuwamo tangu siku za mwanzo. Marianne Elliott, aliyejiita Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex, alikuwa binti wa Msomali. Mwaka 1977 alitoa wimbo wa Oh Bondage Up Yours!, akiwa bado kijana mwenye vyuma kwenye meno, na sauti yake ile ya kukwaruza masikio ingali inaigwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema panki ni mambo ya Wazungu watupu, humkatiza hapo hapo.

Sasa twende Mapinga.

Likizo yangu ya mwisho nililala kwa shangazi, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Nyumba ya tatu kulikuwa na harusi, na ilipopita saa nne usiku wakaja wapigaji wa mchiriku. Vyombo vyao vyote vilienea kwenye bajaji moja. Kinanda kidogo cha Casio, cha kuchezea mtoto, vibonye viwili vimeng'oka na pengo limezibwa kwa gundi ya karatasi. Betri ya gari. Spika mbili za honi, zile za bati tulizozizoea kwenye minara ya misikiti na magari ya matangazo, zimefungwa kwa mpira wa tairi juu ya mwembe. Kijana mmoja akaketi mbele ya kigoda cha mbao, akaanza kukichapa kwa fimbo mbili mpaka ukadhani mvua ya masika imeangukia bati. Mwimbaji alikuwa akifoka kwenye kipaza sauti kinachokoroma: habari za kijana aliyeharibiwa na unga, mke aliyetelekezwa, mwenye nyumba aliyeng'oa mlango kwa sababu ya kodi. Honi zilipasua kila neno, na hakuna aliyetaka zisipasue.

Shangazi ni Mzaramo wa Bunju. Alisikiliza kidogo akaniambia, "Baba, ngoma hiyo naijua. Wameiondolea uungwana tu."

Sijasoma maelezo ya mchiriku yanayolishinda hilo. Mapigo ni ya ngoma za Kizaramo, zile za harusini na unyagoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa pembezoni mwa Dar es Salaam waliyachukua, wakaweka kinanda cha bei rahisi mahali pa vyombo ambavyo hawakuwa na uwezo wa kuvinunua. Bendi za dansi zilikuwa na magitaa, tarumbeta, na mara nyingi shirika la umma nyuma yao. Wao walikuwa na betri. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala lilianza miaka hiyo, na mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads. Wasikilizaji wa Ulaya wakaifananisha na panki. Huku nyumbani redio ziliukwepa mchiriku kama muziki wa wahuni, nao ukajisambaza wenyewe kwa kanda, kwenye daladala na vibanda vya sokoni.

Lakini mbona muziki wa harusi uitwe wa ukaidi, wakati hautaji serikali wala kumtukana mkubwa yeyote? Kwa hili inabidi kurudi nyuma kidogo, maana nchini kwetu utamaduni wenyewe ulikuwa kazi ya serikali. Mwaka 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni. Kikaja kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Nia ilikuwa njema, na wengi tumefaidi. Ila kila penye ngoma rasmi pana ngoma isiyo rasmi, na hiyo ya pili hutazamwa kama uchafu unaosubiri ufagio. Januari 1969 vijana wa TANU walianza kuitekeleza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini. Msichana aliyepanda basi Kariakoo amevaa sketi fupi hakuwa na bango mkononi, na bado alikuwa anafanya siasa, apende asipende.

Mrima, pwani yetu hii, umelijua jambo hilo kabla hata ya kuwa na serikali ya kisasa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha 1995, anaeleza jinsi karamu na ngoma za Pangani na Bagamoyo zilivyokuwa uwanja wa kugombea heshima. Watumwa na watu waliotoka bara, walioitwa washenzi, walidai nafasi mjini kwa kuingia kwenye shangwe za waungwana, na waungwana wakawazuia. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kutwaa miji na kupandisha bendera yake, pwani ililipuka. Tunamkumbuka Abushiri, kiongozi wa mapambano hayo, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na ni haki akumbukwe. Nyuma yake palikuwa na umati ambao tayari ulikuwa umezoea kukaidi, na mazoezi yake uliyafanyia ngomani.

Kisha likaja beni, ngoma ya gwaride. Lilianzia Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, likashuka pwani nzima: magwanda ya kijeshi, vyeo vya kizungu, matarumbeta, na vyama viwili vikishindana, Marini ya wenye hadhi na Arinoti ya makabwela. Watu waliotawaliwa wakavaa mavazi ya mtawala na kuyachezea barabarani. Ukiniuliza panki ya kwanza ya Afrika Mashariki, nitakutajia Arinoti.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakitafuta muziki wa kupinga hutafuta maneno ya kupinga peke yake. Nayo tunayo. Pale pale Bagamoyo, katika chuo cha serikali, amesomea Vitali Maembe, ambaye kwa miaka mingi ameimba dhidi ya rushwa akizunguka na gitaa lake, na kampeni yake akaiita Chanjo. Tanga ilitupa kundi la Wagosi wa Kaya. Ila maneno yana gharama yake. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wa Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu wakashangilia. Siku chache baadaye, tarehe 5 Aprili, msanii Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio ya Tongwe jijini Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakapatikana tarehe 8 wakieleza kwamba waliteswa. Mwezi haukupita baina ya shangwe ile na hofu ile. Tangu hapo wasanii wengi niwafahamuo hupima kila mstari kabla ya kuurekodi, na wengine wameacha.

Ndiyo maana kelele za Mapinga zina maana kwangu. Mahali ambapo neno linapimwa, mdundo hupenya. Mtoto wa mchiriku ni singeli, iliyolelewa Manzese, Tandale na Mburahati kwa kompyuta chakavu na programu za kunakili, mapigo yake yakivuka 200 kwa dakika. Studio ya Sisso iliyoko Mburahati ilisikika duniani mwaka 2017 kupitia albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2020 ikawatoa Duma wa Nairobi, vijana wawili wa makelele mazito ambao jina lao kwa Kikikuyu maana yake ni giza.

Jibu langu basi ni hili. Panki kama gitaa na koti la ngozi ni kumbukumbu ya watu wengine, na sina la kuisemea. Panki kama kazi, yaani wasio na kitu kujitengenezea chombo na kupiga bila kusubiri kuruhusiwa, huku Mrima haijakoma hata siku moja. Hatari yake sasa ninaiona upande mwingine. Vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, wakuu wa wilaya wamevipiga marufuku mara kadhaa na vikarudi. Lakini singeli hiyo hiyo leo inapigwa kwenye mikutano ya kampeni kumsifu mgombea, na kwenye matangazo ya simu. Marufuku haikuiua. Malipo yanaweza kuinyamazisha, na sitawalaumu vijana wanaolipwa, maana wana kodi ya nyumba na watoto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi unapotea. Kwa kuwa redio haikuupiga, mchiriku wa miaka ya 1990 kwa sehemu kubwa uko kwenye kanda, na kanda zinaliwa na ukungu wa bahari. Wewe unayesoma hapa ukiwa Leicester, Muscat au Minneapolis, mpigie simu mama au kaka aliyebaki Bunju, Kerege au Majengo. Mwombe aangalie kabatini na uvunguni. Kanda yoyote ya mchiriku, hata isiyo na jina, asiitupe. Aiweke mahali pakavu, na ukienda likizo uichukue uinakili kabla utepe haujashikana.