Kanda Isiyofutika na Hifadhi ya Fasihi Simulizi

Masimulizi ya mzee wa Kiembeni, Mombasa, yakisha kurekodiwa, hukabiliwa na hatari ya kufutwa kwa bahati mbaya. Katika kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, kijino cha plastiki kilivunjwa ili isirekodiwe tena. Lakini kipande cha selotepu juu ya tundu kiliondoa kinga hiyo. Kanda za kompyuta za LTO, tangu kizazi cha tatu katikati ya miaka ya 2000, zina aina iandikwayo mara moja tu: mashine huitambua, ikakataa kuandika juu ya yaliyomo. Hata hivyo, kinga hii haizuii moto wala unyevu wa pwani. Hivyo nakala mbili hazina budi kutunzwa mbalimbali, penye ubaridi na ukavu.