Askari wa Kwenye Gemu, Askari wa Kwetu

Jamani, nani mwingine kaolewa na mtu pamoja na PlayStation yake? Mume wangu akianza Assassin's Creed III, ile ya mwaka 2012 inayohusu vita vya uhuru wa Marekani, hata chai inapoa. Adui zake ni askari wa Kiingereza wenye makoti mekundu. Wanajipanga mstari, wananyanyua bunduki, na hapo ujanja ni mmoja: unamdaka askari aliye karibu, unamfanya ngao, risasi zinampata yeye. Wenzake wakianza kushindilia baruti upya, unawavamia. Hakuna mwenye jina, hakuna anayeliliwa.

Nilikuwa nacheka tu, mpaka tulipokwenda kuwasalimia wakwe zangu Kilwa.

Ukweni ni Umatumbini, kwenye vilima ambako vita vya Majimaji vilianza Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya Mjerumani. Baada ya kula, mama mkwe akaanza kusimulia. Kinjikitile wa Ngarambe na dawa yake ya kugeuza risasi kuwa maji, alivyonyongwa Mohoro Agosti 4 mwaka huohuo. Kisha akafika kwa askari.

"Wazungu walikuwa wachache, mwanangu. Waliobeba bunduki ni weusi kama sisi. Wasudani, Wamanyema, Wasukuma, Wanyamwezi."

Chai ikanipalia. Mimi ni Mnyamwezi, na babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Kwetu Tabora hilo husemwa kwa kujidai. Siku hizi wachumba tunapima afya, tunaulizana mpaka mshahara, lakini nani anauliza bunduki ya babu ilielekezwa wapi? Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kumwambia.

Wengi wao walibeba Mauser ya mwaka 1871, inayoingia risasi moja moja. Mcheza gemu akisikia hivyo anaona upenyo: akishafyatua tu, mfuate. (Namjua wangu, ndivyo alivyokuwa anawaza.) Ila Mjerumani alikuwa na bombomu pia, na mwishoni silaha kubwa ikawa njaa. Vijiji vilichomwa, pamoja na mashamba na maghala. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000. Wapo wanahistoria waliofikisha 250,000 hadi 300,000. Na mwenye kushika kile kijinga cha moto, mara nyingi, alikuwa askari.

Tukiwa njiani kurudi Dar, tuliposimama Somanga kununua samaki, nikamwambia. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka tukavuka Daraja la Mkapa, na nyie mnajua umbali wake.

"Aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina taratibu, kama anayejifunza kulitamka.

"Mama usimwambie kwanza," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Sikukuu ijayo."

Sikukuu ni mwezi ujao. Nimeshanunua kitenge cha mama mkwe, na bado sijalala vizuri.